Hiyo pete nyuma ya kijisu, ya nini?

Ijumaa iliyopita tumekaa barazani baada ya sala, kahawa imeshazunguka mara mbili, kashata zimebaki mbili tu sahanini na kila mtu anajidai hazitaki, mara jamaa mmoja akaninyooshea mkono anataka kijisu amenye chungwa. Nikampa. Akakigeuza, akakitazama, akaishika ile pete ya nyuma kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akasema "yakhe, kisu chako kimeshachumbiwa?" Baraza zima kicheko. Mwengine akadakia anataka kujua mahari kiasi gani. Basi na mie badala ya kucheka nikaanza kueleza, na mie nikianza mambo ya visu sinyamazi, mpaka mzee wetu mmoja akanyanyuka akasema anarudi nikimaliza. Hakurudi.

Kwaiyo namalizia hapa, kwa wale walionikimbia na kwa yeyote mwenye kijisu mfukoni ambaye hajawahi kujiuliza ile pete imewekwa kwa kazi gani. Naongelea vile vijisu vidogo vya kukunja vya kizamani, vya mpini wa mbao au pembe au bati, bapa moja au mawili, vya kumenyea embe na kukatia ugwe. Siongelei haya madude meusi ya skuizi yenye klipu ya kubania mfukoni, hayo yana watu wake. Na jawabu langu nalitoa mapema msije mkasema nimewazungusha: pete iwepo, ila isiende kwenye funguo. Kwanini nasema hivo ni hadithi ndefu kidogo, ina visu kadhaa ndani yake na kimoja kiko chini ya bahari.

Kazi yangu natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, huku Kizimbani na Kidichi, Unguja. Ukitaka kujua kisu kinafanya kazi kiasi gani kwa siku njoo tutembee. Unakwangua gamba la mdalasini mgeni anuse, unapasua tunda la kungumanga ile basibasi nyekundu ionekane imelizunguka kokwa kama wavu, unakata kipande cha manjano mbichi na kidole chako kinakuwa cha rangi mpaka kesho yake, mwisho unawakatia fenesi na mkono wote unanata utomvu. Wageni wakiwa wengi nakifungua na kukifunga kisu sijui mara ngapi. Wenzangu wengi wanatumia kisu cha jikoni cha mpini wa plastiki, wamekizungushia gazeti wamekichomeka kiunoni. Sawa, kinakata. Lakini mie tokea mdogo nna ugonjwa wa visu vya kukunja na ugonjwa huo umetoka kwa babu.

Babu yangu alikuwa mtu wa Makoongwe, kile kisiwa kinachotazamana na Mkoani, Pemba. Alikuwa na kisu kimoja alichokinunua mnadani hapa mjini enzi zake za ubaharia. Kizito hasa. Mpini mweusi una vijimistari vya kukatana ili usiteleze mkononi, bapa moja nene ambalo mbele halina ncha, limekatwa butu, kuna kidude cha kufungulia makopo, na mgongoni kuna mchuma mnene kama msumari wa kufungulia mafundo ya kamba yaliyokaza. Kwenye chuma pamepigwa alama ndogo ya mshale. Nilipokuwa mdogo nikidhani ule mshale unaonyesha upande wa kukifungulia. Ukubwani ndio nikaja kujua kwamba ni alama waliyokuwa wakipiga Waingereza kwenye mali ya serikali yao, na visu vya namna ile walikuwa wakipewa askari na mabaharia, vingi vikitengenezwa Sheffield.

Na nyuma kabisa ya mpini ndio kuna pete. Mviringo kamili hauna, ni chuma kilichopindwa kama mkono wa ndoo, kimeshikwa na ribiti moja iliyopenya mpini upande hadi upande, kinacheza huku na huku. Ile haikuwekwa kwa urembo. Fikiria mtu yuko juu ya mlingoti, chombo kinakwenda mrama, anakata kamba kwa mkono mmoja maana wa pili ndio umemshikilia roho yake, kisu kikimponyoka hapo kinamshukia aliye chini. Ndio maana bapa likawa butu mbele na ndio maana pete ikawepo, kamba inapita kwenye pete, upande wa pili umefungwa kiunoni au shingoni, kisu kikiponyoka kinaning'inia tu. Babu yeye hakuwa tena wa milingoti nilipomjua, alikuwa wa ngalawa na mshipi, lakini mtindo ule ule: ugwe wa usumba aliousokota mwenyewe juu ya paja, upande mmoja kwenye pete, upande mmoja kwenye taruma la ngalawa, ule mti wa ubavuni kwa ndani, urefu wake dhiraa moja na kidogo. Akimaliza kukata chambo hakikunji wala hakiweki mahali, anakiachia tu mkononi kinaanguka kwenye maji ya ngamani, tena yeye keshaushika mshipi. Akikitaka anavuta ugwe. Hata kutazama hatazami.

Nilidhani ni uvivu wa kizee.

Sasa miaka ya nyuma kidogo nilitembeza mgeni mmoja wa Kifaransa, mtu mzima, mpole, akaniona ninavyohangaika na kisu cha jikoni (cha babu siku ile nilikiacha nyumbani), tulipomaliza matembezi akatoa mfukoni kijisu chake akanipa moja kwa moja, bakshishi akaweka na juu yake. Kinaitwa Douk-Douk. Chembamba kama biskuti, mpini wake ni bati moja la chuma lililokunjwa, mbao hakuna pembe hakuna, na kwenye lile bati pamechorwa kitu kama zimwi. Vinatengenezwa mji wa Thiers huko Ufaransa tokea 1929, na mwanzo walivikusudia kwa watu wa visiwa vya Pasifiki, zimwi lile ni mzimu wa huko Melanesia, lakini ajabu walikokuja kuvipenda zaidi ni Aljeria. Springi yake kali, kinafunguka kwa nguvu na kinafunga kwa kishindo. Chuma chake si stenlesi, ukimenya embe kinabadilika rangi mbele ya macho yako, buluu, kijivu, kisha cheusi cheusi. Nilikipenda mpaka nikawa natoka nacho harusini.

Kasoro yake niliiona ni moja, pete. Nayo ni ile ile ya mkono wa ndoo, nyembamba. Kwanza ina kelele, kwenye mfuko wa kanzu inakutana na sarafu na simu, unatembea unalia cheng cheng cheng kama mbuzi wa kengele. Pili ukikishika kisu kwa nguvu, mfano unakwangua mdalasini mkavu, ile pete inakukaa chini ya kidole kidogo na kukichimba, saa moja tu pana alama nyekundu. Tatu mwenyewe nilikuwa siitumii, sikuifunga kitu chochote, ipo ipo tu. Basi siku moja nikachukua plaizi, nikapanua ncha zake, nikaivuta, tak, imetoka. Nikapiga tupa pale palipobaki pakwaruzo. Kisu kikawa laini kama sabuni. Nikajiona fundi.

Haikupita miezi miwili nikaenda Pemba, mjomba akaniambia alfajiri twende. Tukatoka na ngalawa, tukatia nanga baina ya Makoongwe na Mkoani, maji ya pima kumi hivi, changu wanakula vizuri. Mie ndio mkata chambo. Nikikata ngisi, nakiweka kijisu pajani juu ya msuli, natia ndoanani, nakichukua tena. Mara tatu, mara nne, kinatulia. Mara ikapita boti ya abiria inaingia Mkoani, wenyewe mnajua mawimbi yake yanavyokuja dakika nzima baada ya boti kwenda, mmeshaisahau. Ngalawa ikalala upande mmoja. Nikahisi ubaridi wa chuma ukiniteleza pajani, nikabana miguu, nikasikia tik, kimegonga ubavu wa ngalawa, kisha hata sauti ya maji sikuisikia. Nilichokiona ni kitu kama kijisamaki, kimemeremeta mara moja, mara ya pili kidogo zaidi, basi.

Mjomba hakucheka. Alikaa kimya muda mrefu anavuta mshipi wake, kisha akaniuliza, "Na kile cha babuyo ki wapi?"

"Nyumbani, mjomba."

Akanipa kisu chake. Nikakitazama, mpini wa mti wa kuchonga, kitundu nyuma, ugwe kwenye kitundu, na ule ugwe umefungwa kwenye taruma. Sikuwa nimeuona siku nzima.

Kwaiyo hapo ndipo nilipoingia dini ya pete. Tatizo waongofu wapya huzidisha, na mie nikazidisha kwa kununua kile kijisu chekundu cha Uswisi, kile kidogo kabisa cha milimita 58 kilichofungwa, cha Victorinox, chenye kijibapa, kimkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno. Kampuni hii ni ya zamani, Karl Elsener alianza karakana yake Ibach mwaka 1884 na kile kisu chao mashuhuri cha maofisa kilikuja 1897. Hiki kidogo kinakuja na pete yake ya mviringo, ya kuzunguka kama ya funguo, na kila mtu anayekinunua anafanya lile lile, anakitia kwenye funguo. Na mie nikakitia. Ufunguo wa nyumba, wa geti, wa kabati la bi mkubwa, wa kufuli la baskeli ambayo ilishaibiwa, wa Vespa, na kijisu.

Jamani, tusidanganyane. Kisu kilichofungwa na funguo tano si kisu tena, ni funguo ya sita. Unataka kumenya chungwa, mafunguo yote yananing'inia yanakoga maji ya chungwa, kesho yake yananata na chungu wanayafuata mfukoni. Unataka kukata kitu kwa makini, uzito wote uko nyuma unakuvuta mkono. Halafu lile la Vespa ndio lililonimaliza: ufunguo uko kwenye Vespa, Vespa inaunguruma, mgeni anataka nimkatie muwa, na kisu kinacheza pale pale chini ya usukani. Nizime pikipiki nikate muwa, niwashe. Nikikitoa kwenye pete ya funguo, ile pete ni ya springi mbili zilizobanana, kucha inavunjika. Na mwisho kabisa, safari moja nikapita kwenye ukaguzi na begi na funguo zangu, sitaji wapi, nimeshasahau kabisa kama kwenye funguo kuna kisu, kikaonekana kwenye mashine. Walinionyesha ndoo ya kukitupia. Kosa langu, siwalaumu, lakini ndio ubaya wa funguo wenyewe, unazibeba kila mahali bila kufikiri, na kisu si kitu cha kubeba bila kufikiri.

Hapa nataka niingize jambo moja kwa sababu barazani lilileta mzozo. Si kila pete ya kwenye kisu ni ya kufungia kamba. Wale wenye Opinel, kile cha Ufaransa cha mpini wa mbao wa mviringo (Joseph Opinel alianza huko Savoie mwaka 1890), kina pete ya chuma shingoni, unaizungusha na bapa linakaza halijikunji. Ile ilikuja baadae sana, 1955, kazi yake kufunga bapa tu. Na zamani kweli walikuwa na kile kidogo kabisa, namba 1, bapa sentimita 2, kilikuwa na kijipete cha kufungia mnyororo, wameshaacha kukitengeneza. Vikubwa vyao kwa kawaida nyuma hakuna kitu, mbao tupu.

Halafu kuna Okapi. Hiki nacho kina pete, tena kubwa, ipo mgongoni mwa mpini. Kina vijinyota na miezi ya bati kwenye mbao, na ukikifungua kinalia kra kra kra kra mtaa mzima unajua. Kilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na tokea 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Jirani yangu aliletewa kimoja kutoka Sauzi, akaona pete, akasema hii ndio ya kamba, akafunga ugwe, akakitundika kiunoni. Ile pete ya Okapi, enyi watu, ndiyo ya kulegezea bapa ukitaka kulikunja! Ukiivuta, springi inanyanyuka na bapa liko huru kujikunja. Siku moja anakata kamba ya mbuzi, ugwe umenasa kwenye mkanda, akavuta mkono, ugwe ukavuta pete, bapa likamrudia kidoleni. Nyuzi mbili spitali na mbuzi kakimbia. Kwaiyo kabla ya kufunga ugwe popote kwanza ivute ile pete uone inafanya nini.

Tuje kwa wanawake, maana kwenye mijadala hii ya visu wanaume wanaongea kama mifuko ni ya watu wote. Bi mkubwa wangu hana mfuko. Mfuko wake ni fundo la kanga, pesa huko, ufunguo huko, kidonge cha presha huko. Ana kijisu kidogo cha bati hakina hata jina, kakinunua dukani Chake Chake, kina pete nyuma. Yeye anachukua pindo la kanga, analisokota liwe jembamba, analipitisha kwenye pete, anapiga fundo moja, anachomeka kiunoni. Akifika shambani anakivuta, anakata kisamvu, anakata ndizi, anamaliza anakiachia, kinaning'inia upande wa paja. Nimewahi kumwambia mama huo mtindo wako una akili kuliko hizo klipu zao, akanambia "kwani nyie mnavibeba vipi?" Alikuwa anauliza kweli.

Na shangazi yangu Jambiani ni mkulima wa mwani. Pale na Paje ndipo kilimo hichi kilipoanza kibiashara hapa Zanzibar, 1989, na yeye ni katika wale wa mwanzo mwanzo. Bamvua likiingia maji yanakupwa mbali, wanatoka na kamba zao na vigingi, mwani unafungwa kwenye kamba kwa vile viugwe vidogo wanaviita taitai, na kila siku kuna taitai za kukata. Maji ya magotini, mchanga unapanda, ukiangusha kisu hapo umekiaga. Cha kwake kiko shingoni. Ila kwake ndiko nilikoona ubaya wa pete na chumvi: kutu haikuanza kwenye bapa, imeanza kwenye ribiti ya pete, pale ndani ambapo kitambaa hakifiki. Chumvi inajificha humo, inakula kimya kimya, na siku pete inang'oka huna habari. Sasa akirudi anakichovya maji baridi, anaitikisa pete ndani ya maji, anakianika, anakitia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi alijaribu, yakikaa sana yananata na mchanga unaganda humo.

Lakini hilo la shingoni nna neno nalo, na alama ninayo. Nilikuwa na miaka kumi na nne, msimu wa karafuu, nipo kwa ami yangu Mtambwe, juu ya mkarafuu na pakacha langu, na kisu cha babu shingoni nimejifanya baharia. Ugwe wa usumba wa babu nikauona mshamba, nikaufungua, nikatia mshipi wa nailoni, ule mnene wa kuvulia papa. Mkarafuu ni mti wa hiana, tawi unaliona zima kumbe tete, ukilikanyaga linakatika papo. Likakatika. Sikuanguka, nilishuka kama mkono mmoja tu, mguu ukapata tawi jengine, ila ule mshipi ulikuwa umenasa kwenye kisiki cha tawi lililovunjika juu yangu. Kwa muda ambao sijui ulikuwa mfupi au mrefu nilikuwa nimesimama kwa ncha ya kidole cha mguu na shingo yangu inavutwa juu, sauti haitoki, naziona karafuu zote zilizonizunguka moja moja, naona mpaka chungu. Ami alikuwa chini anaimba. Nikajinyanyua kwa mikono nikaupata ule mshipi nikautoa. Niliposhuka nikaambiwa mbona umejipamba mkufu, ndio ile alama.

Ugwe wa usumba ungekatika. Ndio kazi yake, na babu alijua. Kwaiyo ugwe wa shingoni uwe dhaifu, ukauvute kwa mikono miwili kabla hujauvaa, usipokatika usiuvae. Ugwe mkali ufunge kwenye chombo, kwenye kapu, kwenye tawi lenyewe ukitaka. Kiunoni sawa. Shingoni hapana.

Haya, na mfukoni je, kwa sisi tunaoishi mjini tusiopanda kitu isipokuwa ngazi? Mfukoni mie natia ugwe mfupi, shubiri moja ukiukunja, una fundo moja nene mwisho. Kwanza unakipata kisu bila kuchimbua mfuko mzima wa kanzu mpaka bega linaingia. Pili, na hili watu hawalifikirii, vijisu hivi mpini wake ni mdogo, unaenea vidole vitatu tu, kile cha nne na cha tano vinabaki nje havina kazi. Ukivikunja juu ya ule ugwe na fundo lake umepata mpini mrefu bila kuongeza uzito. Kukwangua mdalasini kwa namna hiyo ni raha, jaribuni. Ila ugwe usichungulie nje ya mfuko, daladalani kuna mtoto alinivutia wa kwangu akidhani ni chaja ya simu, kisu kikatoka mbele ya abiria wote na konda akanitaka nijieleze.

Kelele za pete zina dawa: kata kijipande cha tyubu ya baskeli, kipana kama wanda moja, kivishe. Kimya. Na mkono haukwaruzwi. Laiti ningelijua hili kabla ya plaizi lile Douk-Douk sasa hivi lingekuwa mfukoni. Kibindoni hata hivo pete ni shida, nakubali, ukifutika kisu chenye pete kwenye msuli inanasa uzi, na msuli mzuri ukishatoka uzi mmoja hautengenezeki, mie miwili imeshakwenda.

Swali lililobaki ni la visu visivyokuwa na pete, mtu anauliza atoboe? Opinel toboa bila wasiwasi. Ule mpasuo unaolala bapa haufiki mwisho, nyuma kabisa pana mbao nzima, na kitundu ukikiweka hapo hugusi chuma. Cha kwangu (kile alichoniletea mgeni mwengine, namba 6) nilikitoboa kwa keekee ya fundi wa makasha jirani yetu, pole pole, nimekibana na mbao chini ili upande wa pili usichanike, kisha msumari wa moto ndani ya kitundu kukiunguza unyevu usiingie. Mwaka wa pili huu hakijapata ufa. Pete yenyewe sikutia hata, ugwe unapita moja kwa moja kwenye mbao, hakuna cha kulia wala cha kutu, na kama mtu ananiuliza kipi bora baina ya pete na kitundu, kwa mpini wa mbao mie nasema kitundu.

Lakini visu vyenye mpini wa pembe au mfupa, ambavyo ndani vina bati mbili na springi katikati, usiguse. Pembe inapasuka kwa kutazamwa, na drili ikikuta springi ya chuma kigumu inateleza inapotaka yenyewe. Nililisema hili barazani waziwazi, mbele ya mashahidi.

Jumatano yule yule wa pete ya uchumba akaja nyumbani. Mkononi kijisu cha mpini wa pembe, kizuri sana, cheusi kina mishipa ya asali ndani, kapewa na mkwewe. "Nitobolee." Nikamwambia hakitoboleki hichi. Akasema chako mbona kimetoboka. Nikamwambia changu mbao. Akasema yeye anataka atie ugwe aende nacho Kizimkazi wikendi kuvua, na mkwewe anakuja Jumapili atafurahi kukiona. Na mie, badala ya kukishikilia nilichokisema, nikaiazima keekee.

Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu ikalia kama mtu amevunja ukucha, na ufa ukaenda kutoka kwenye kitundu mpaka kwenye ribiti ya katikati, moja kwa moja, unang'aa.

Hivi ninavyoandika kiko mezani mbele yangu, nimekitia gundi ile ya sindano mbili ya mafundi wa boti na nimekizungushia mshipi kukibana mpaka asubuhi. Simu yake inaita mara ya tatu hii. Gundi bado haijashika.